Sala ya Asubuhi Huanza Usiku wa Jana

Mtu anapolalamika kwamba maombi yake yamepoa, swali la kwanza la kumwuliza ni saa ngapi hulala. Wengi huliona swali dogo mno. Walitegemea kuulizwa habari za imani, za dhambi iliyofichika au za vita vya kiroho. Hayo yapo na yana mahali pake, lakini anayekaa miaka na watu wanaojifunza kuomba huona jambo moja likijirudia: nidhamu za kiroho hufa kwa sababu ndogo za kila siku. Usingizi ni mojawapo. Nyingine ni simu, kipimo kisichobebeka, kiti kisicho na faragha, daftari ambalo halionekani linapohitajika. Sababu hizo zina dawa, na inasikitisha kumwona Mkristo akijihesabu kuwa ameanguka wakati alichokosa ni nusu saa ya kulala.

Tuanze na kipimo. Dakika 10 zinazofanyika kila siku kwa mwezi mzima hujenga kuliko saa nzima iliyofanyika siku nne kisha ikaachwa. Kwa anayeanza, 2 ziwe za kutulia, 5 za Neno, 3 za kuomba. Zikishika mizizi, tuseme baada ya wiki sita, aongeze 5. Asizidishe mara mbili. Kosa linaloua watu wengi ni kuweka nadhiri wakati moyo umewaka, mara tu baada ya kongamano au mkesha: "Kuanzia kesho nitaamka saa kumi za usiku kila siku." Siku tatu za kwanza huenda vizuri kwa sababu furaha inabeba. Ya nne au ya tano mwili unadai usingizi wake, mtu anapitiliza, anajiona mwasi, na aibu hiyo ndiyo inayomzuia kurudi. Paulo alimwambia Timotheo ajizoeze kupata utauwa, na kila anayejizoeza huanza na mzigo anaouweza.

Maandalizi ya asubuhi hufanyika jioni. Simu ilale chumba kingine, au angalau mbali na mkono, na kengele ya kuamsha iwe ya saa ya kawaida ya mezani. Anayezima kengele kwenye simu huona arifa, husoma ujumbe mmoja, hujibu, na akili yake inakuwa imeshachukuliwa kabla hajasema "Baba Yetu". Biblia iachwe wazi kwenye ukurasa wa kesho, kalamu na karatasi pembeni, kiti kikiwa mahali pake. Anayesoma Biblia kwenye simu azime data kabla ya kuifungua. Kisha nidhamu ifungwe kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku bila kukumbushwa: baada ya kunawa uso, kabla ya kunywa chochote. Tendo la zamani hulivuta jipya.

Si kila mtu ana asubuhi. Mzazi mwenye mtoto mchanga, mlinzi wa zamu ya usiku, anayemuuguza mgonjwa, hao wasibebeshwe ratiba ya mtu mwingine. Ni kweli Marko 1:35 inamwonyesha Yesu akitoka alfajiri na mapema sana kwenda kuomba, lakini Luka 6:12 inamwonyesha akikesha usiku kucha, na Luka 5:16 akijitenga katikati ya siku zilizojaa watu wanaomhitaji. Danieli aliomba mara tatu kwa siku. Didake, mojawapo ya maandiko ya kale kabisa ya Kanisa nje ya Agano Jipya, linaagiza Sala ya Bwana isaliwe mara tatu kila siku. Basi mama wa mtoto mchanga na agawe dakika zake 9 katika sehemu tatu za dakika 3, na asiombe radhi kwa mtu yeyote. Ni sala kamili.

Sasa Neno lenyewe. Kuna kusoma kwa kujifunza, na kuna kusoma kwa kusali, na anayechanganya viwili hivi katika dakika zilezile hupoteza vyote. Kwa kusoma kwa kusali, njia iliyoandikwa na Guigo wa Pili, mmonaki wa shirika la Wakarthusi wa karne ya 12, haijachakaa. Ina ngazi nne: kusoma, kutafakari, kuomba, kutulia. Chukua mistari 5 hadi 10, isizidi hapo. Mfano mzuri ni Marko 10:46-52, habari za Bartimayo kipofu, mistari 7 tu. Isome kwa sauti ya kusikika masikioni mwako mwenyewe, taratibu, mara moja. Nyamaza kwa pumzi kadhaa. Isome tena, safari hii ukisikiliza ni neno gani linakushika. Huenda likawa pale watu wanapomkemea anyamaze naye "alizidi kupaza sauti". Simama hapo, usiendelee. Lirudie kimoyomoyo mara kadhaa. Nani amekuambia unyamaze? Ni ombi gani uliloacha kuliomba kwa sababu uliona haya? Kisha litoke kama sala: "Bwana, nimeacha kukuomba juu ya jambo hili. Naomba tena." Soma mara ya tatu, uketi dakika moja au mbili bila kusema kitu.

Kesho yake mistari ileile inaweza kukushika kwingine. Bartimayo anatupa vazi lake kabla hajaponywa, na swali la Yesu, "Wataka nikufanyie nini?", linaulizwa kwa mtu ambaye shida yake kila mmoja anaiona. Kifungu kimoja kinaweza kulisha wiki nzima, na anayeharakisha kwenda kingine kila siku mara nyingi anakimbia lile neno lililomgusa.

Njia hii ina mahali inapoharibika. Wahubiri na walimu wa shule ya Jumapili wako hatarini kuliko wengine, maana hawajamaliza mstari wa pili kabla hawajaanza kupanga vichwa vya mahubiri. Dawa ni kuandika sentensi moja tu, na iwe inaanza kwa kumwita Mungu: "Bwana, ..." Sentensi ya namna hiyo ni vigumu kuigeuza kuwa somo la kufundisha wengine. Hatari ya pili ni kuokota mstari kama bahati nasibu, kufungua popote na kudai hilo ndilo jibu la Mungu juu ya kazi au ndoa. Chagua kitabu kimoja, ukifuate toka mwanzo hadi mwisho, sehemu kwa sehemu.

Usomaji mpana nao uwepo, kwa saa yake. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma 3 kila siku na 5 Jumapili, unaimaliza ndani ya mwaka. Wengi hukwama mahali palepale: anayeanza tarehe 1 Januari hufika Mambo ya Walawi kabla ya Januari kuisha, akiwa ametoka kwenye vipimo vya hema vya mwishoni mwa Kutoka, na huko ndiko daftari la usomaji linapobaki tupu. Anayejijua kuwa hukwama hapo aanze na Agano Jipya. Lina sura 260, yaani sura 5 kwa wiki kwa wiki 52, na siku mbili za kupumzika au kufidia. Zaburi ziende kwa mwendo wake. Waanglikana kwa karne nyingi wamezigawa katika siku 30, asubuhi na jioni, na Mtakatifu Benedikto aliwataka wamonaki wake wazimalize zote 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kawaida zaburi moja kwa siku inatosha, na Zaburi 119 yenye mistari 176 igawiwe kama ilivyoandikwa, mafungu 22 ya mistari 8. Ukikosa siku tano, usilipe deni. Ruka uanzie sehemu ya leo. Anayejaribu kufidia sura 15 kwa mkupuo husoma kwa macho tu, na siku ya pili anaacha.

Akili itatangatanga. Hilo si kosa la kuungama kila asubuhi. Ile karatasi ya pembeni kazi yake ni hiyo: likija jambo, "kumpigia fulani", "kulipa ada", liandike kwa maneno mawili, urudi. Mambo yanayorudi kila siku kwenye karatasi hiyo ni ya kuombewa, maana ndiyo yanayoutawala moyo wako. Msaada mwingine ni sala fupi ya kurudia. Yohane Kasiano, mmonaki, katika karne ya 5, alifundisha kuutumia mstari wa kwanza wa Zaburi 70, ule wa kumwomba Mungu aje kuokoa na kusaidia hima. Wakristo wa Mashariki wana "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unirehemu mimi mwenye dhambi". Nusu ya kwanza husemwa pumzi ikiingia, nusu ya pili ikitoka.

Sala fupi ndiyo inayoivusha ibada kutoka kwenye kiti hadi kazini. Ndugu Lawrence, mtawa wa shirika la Wakarmeli aliyefariki Paris mwaka 1691, alijulikana kwa kuishi mbele za Mungu katikati ya kazi za jikoni. Lakini kusema tu "nitamkumbuka Mungu siku nzima" hakuzai kitu. Chagua malango matatu ya siku yako, yawe ya mwili na yaonekane: kabla ya kufungua simu, mkono unaposhika kitasa cha mlango wa ofisi au darasa, unaponawa mikono. Kila lango, sala moja. Mtu akianza kuzihesabu ili ajione amefikisha idadi, au akaamini maneno yenyewe yana nguvu kama hirizi, arudi kwenye onyo la Yesu la kutopayuka-payuka.

Kufunga ndiko kunakotakiwa kuelezwa kwa uangalifu kuliko yote, kwa sababu kukikosewa huumiza mwili. Didake linataja Jumatano na Ijumaa kuwa siku za mfungo, kwa hiyo kufunga kila wiki ni desturi ya kale ya Wakristo wa kawaida, si ya mabingwa. Anza kwa kuacha mlo mmoja, wa mchana, ukiwa umekula asubuhi. Fanya hivyo siku ileile ya wiki kwa mwezi. Kisha nenda kwenye milo miwili: unakula jioni, unaacha asubuhi na mchana, unakula jioni inayofuata. Hizo ni saa 24, na kwa wengi hazihitaji kuzidi hapo. Maji yanywewe siku nzima. Mnywaji wa kahawa au chai ya rangi kila siku apunguze taratibu siku tatu kabla, la sivyo siku ya kwanza kichwa kitamuuma, naye atadhani anapingwa kiroho wakati mwili unadai ulichozoea. Usichague siku ya kuendesha gari mbali au ya kazi nzito.

Njaa hupanda saa ya mlo wa kawaida, kisha hushuka. Muda huo wa mlo ndio wa kuombea, na upangwe tangu asubuhi utakuwa wapi na utaomba juu ya nini. Usipopanga, utautumia kufanya kazi zaidi, na kitakachobaki ni mlo uliorukwa tu. Mchana hasira hujitokeza, maneno makali, kuona kila mtu anakukera. Usiishangae wala usiifiche. Shibe ilikuwa imeifunika, na sasa una jambo la kweli la kumpelekea Mungu. Kumbuka pia Isaya 58, ambako watu walifunga huku wakiwabana wafanyakazi wao, na Mungu akawajibu kwamba saumu aliyoichagua inahusu kumgawia mwenye njaa chakula. Thamani ya mlo ulioacha itoke mfukoni siku hiyohiyo impate mtu anayeihitaji. Na uso uoshwe, kama Yesu alivyoagiza, ili wanaokuzunguka wasijue. Kufungua kuwe kwa kitu laini na kidogo, kwanza nusu ya kiasi cha kawaida.

Wapo wasiopaswa kuacha chakula: mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mzee dhaifu, anayetumia dawa zinazotaka chakula, na aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima au kutapika chakula. Hao wafunge kitu kingine: mitandao, televisheni, kununua vitu, kusema juu ya watu. Kumeza dawa hakuvunji mfungo. Kiongozi anayemwambia mgonjwa aache dozi ili "aongeze imani" anatenda kosa kubwa, na asitiiwe katika hilo. Mfungo wa Esta wa siku tatu bila kula wala kunywa ulikuwa wa taifa lililokabiliwa na maangamizi, nao si kielelezo cha kila mwezi. Kukaa siku tatu bila maji huhatarisha uhai. Ukipata kizunguzungu, kutetemeka, jasho baridi au kuchanganyikiwa, kula mara moja, na usijione umeshindwa.

Jioni kuna kutafiti dhamiri, na mtu akiniambia ana nafasi ya nidhamu moja tu zaidi ya Neno na sala, humwelekeza hapa. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliipanga kwa hatua tano: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku, kuomba msamaha, kuazimia kujirekebisha. Dakika 10 zinatosha, ukiwa umeketi, mwanga umewashwa. Ukiifanya kitandani utalala kwenye hatua ya tatu. Shukrani itangulie na iwe na majina: mtu fulani, sentensi aliyosema, mvua iliyosubiri ukafika. Wanaoruka hatua hiyo huishia kujichapa tu, na baada ya wiki mbili wanaikimbia jioni. Kupitia siku kuende kwa saa: kuamka hadi saa nne, saa nne hadi mchana, mchana hadi jioni, jioni hadi sasa. Ulivutwa wapi kumwelekea Mungu, na wapi ulijitenga naye? Usikusanye makosa yote. Chukua moja, lile linalouma ukilitaja, na uliombee msamaha kwa jina lake.

Azimio ndilo linaloamua kama zoezi lina faida. "Nitakuwa mvumilivu" halishiki popote. "Kesho akija na malalamiko yaleyale nitamwacha amalize kabla sijajibu" lina mtu, lina wakati, na kesho jioni unaweza kuulizwa juu yake.

Ukimya una maelezo machache. Dakika 5, macho yamefumbwa, mgongo umenyooka, bila muziki wa ibada. Utasikia kelele za moyo wako, na wengi hudhani wamekosea kwa sababu hiyo. Siku ya mapumziko nayo inahitaji mwanzo na mwisho unaojulikana, kwa mfano jioni hadi jioni, na kazi za nyumbani zigawanywe kabla, maana mapumziko ya baba yanayowaachia mama na watoto kazi yote hayaitwi sabato. Wanaohudumu kanisani Jumapili wachague siku nyingine, waitetee.

Kisha kuna ukavu. Evagrius, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, alieleza uchovu unaomjia mtu katikati ya mchana: jua linaonekana limesimama, siku inaonekana ina saa 50, na mtu anaanza kuchukia mahali alipo na kazi anayoifanya. Aliyewahi kuangalia saa mara tatu ndani ya dakika 10 za sala anamwelewa vizuri. Shauri la Ignasi kwa nyakati kama hizo ni kutobadilisha uamuzi uliofanya ulipokuwa na amani, na badala ya kukatisha muda, kubaki hata kidogo zaidi ya uliopangwa. Lakini pima kwanza ni ukavu gani. Kama umelala vibaya wiki nzima, lala. Kama kuna mtu uliyemdhulumu, nenda kwake. Na kama kwa wiki mbili au zaidi hupati usingizi au unalala kupita kiasi, chakula hakina ladha, huoni thamani ya kuishi, hiyo inaweza kuwa sonona, na inatibika. Nenda hospitali, na wanaokupenda waendelee kukuombea ukiwa huko.

Usiyabebe haya peke yako. Tafuta mtu mmoja, wa jinsia yako, asiye msimamizi wako kazini, mkutane mara moja kwa wiki kwa dakika 20. Maswali yawe yaleyale: Neno gani limekushika? Wapi ulianguka? Nikuombee nini? Yakobo 5:16 inaunganisha kuungamana na kuombeana, kwa hiyo msiachane kabla ya kuomba pale pale. Yaliyosemwa hayatoki, hata kama "ombi la maombi" kwa wengine. Kinachoharibu ni kuligeuza kundi la ujumbe la maombi kuwa mahali pa kuripoti: "Leo nimeomba kwa muda wa saa mbili." Yesu alitupa mlango wa kufunga, chumba cha ndani, ili tusiishi kwa macho ya watu.

Baada ya miezi mitatu, waulize unaoishi nao kama kuna kitu kimebadilika: ukali wa asubuhi, namna unavyojibu ukikosolewa, muda unaochukua kuomba msamaha. Waache waseme, na usijitetee. Wakisema hawajaona kitu, usiongeze dakika za sala wala siku za mfungo. Fungua daftari la jioni, usome maazimio ya wiki mbili za mwisho. Yakiwa hayana mtu wala saa ndani yake, anza kuyatengeneza hapo.